Taa ya Mlangoni mwa Kobe

Nyumba ya kona,
Nyuma ya kiwanda cha mikate.
Jumapili, 9 Agosti.

Mpendwa Chiriku, mwana wa kaka yangu,

Pokea salamu za shangazi yako, ambaye bado yu hai na mdomo wake bado unafanya kazi. U hali gani huko? Mgongo unasemaje kwa kuwageuza wagonjwa kutwa nzima? Unakula umekaa, au bado unakula umesimama kama mtu anayekimbizwa? Unalala? Nijibu swali moja baada ya jingine. Usiniandikie "mzima, shangazi" ukadhani umejibu.

Sisi huku tunavuta siku. Magoti yangu hayataki tena ngazi, lakini mikono ingali yangu, na msimu wa sare za shule umeanza, kwa hiyo chumba changu kimejaa kaptura za buluu hadi kitandani. Baba yako amepungua. Suruali zake nimezibana kiunoni, nikazibana tena. Mama yako ndiye aliyenifanya nishike kalamu leo. Usishtuke, si habari ya msiba. Msiba tulishapata wetu na unatutosha.

Ningekupigia simu, lakini siku hizi ukisikia sauti yangu unasema uko zamu. Asubuhi zamu, jioni zamu, sikukuu zamu. Barua haina haraka. Utaitia mfukoni, na siku utakayopata moyo utaisoma.

Najua unachotukimbia, Chiriku. Uliniambia mara ile ulipolia kwenye simu, kwamba hospitali ilikunyima ruhusa, kaka yako akazikwa wewe hupo, na sasa hujui utaingiaje mlangoni ukamtazama mama yako usoni. Nilikuambia nitakujibu, kisha nikakaa kimya kwa sababu sikuwa na jibu. Sasa ninalo. Ila limepita njia ndefu kabla ya kunifikia, hivyo kaa kitako.

Nianze na taa ya barazani. Unaijua sheria yake, umekua nayo, lakini sidhani kama uliwahi kuambiwa ilitoka wapi. Ilitoka kwa mama yangu, bibi yako. Mama yako alipoolewa hapa alikuwa anafanya kazi zamu ya jioni kwenye kiwanda cha nyuzi, na bibi yako hakutaka mke wa mwanawe apapase ukuta gizani kutafuta tundu la ufunguo. Basi kila machweo aliiwasha ile taa, akasema, "Kawia ufike," akaenda zake kulala. Anayerudi wa mwisho ndiye anayeizima. Mwingine haigusi.

Mama yako akaishika sheria hiyo kuliko mwenye kuitunga. Nyinyi wawili ndio mliiharibu. Unakumbuka mlivyokuwa mkigoma kuingia ndani, kila mmoja anataka kuwa wa mwisho ili aizime yeye? Mnasimama barazani mmenuniana, chakula kinapoa, na mimi nimeshika mwiko. Kaka yako alikuwa akikushinda kwa sababu wewe ulikuwa ukibanwa na mkojo.

Tangu alipoteleza kwenye paa la lile ghala alikokuwa akifunga nyaya, taa ile ikawa haizimwi. Iliwaka siku tuliyomleta nyumbani, ikawaka siku tuliyomzika, ikaendelea kuwaka. Inawaka jua la saa sita juu ya kichwa. Nani aizime? Wa mwisho hajarudi.

Baba yako alijaribu mara moja. Alipita mlangoni akabonyeza swichi, kimyakimya, kama anayefukuza nzi. Mama yako hakugomba. Alichukua kiti chake pale dirishani, akakitoa nje, akaketi nacho barazani gizani, mvua inanyesha. Baba yako akaiwasha tena mwenyewe. Na balbu ilipoungua, alitoka na viatu vya kuogea kwenda kutafuta nyingine kabla hajaambiwa.

Basi usiku wake mama yako alikuwa akiupitisha kwenye kiti hicho, uso dirishani. Kulala kitandani hapana. Miguu ikaanza kuvimba. Muuguzi wa zahanati alimwambia, "Mama, usipolala ukajinyoosha, miguu hii utakuja kuilaumu," naye akajibu ndiyo, akarudi kwenye kiti. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, husema watu, na mimi sikuzaa, kwa hiyo nilikuwa naambiwa nikae kimya kabla hata sijafungua mdomo. Lakini sare ya kwanza ya shule ya kaka yako niliishona mimi. Kaptura ilikuwa ndefu mpaka chini ya magoti kwa sababu nilitaka akue nayo. Na mimi nilikuwa sili, Chiriku, ila hakuna aliyekuwa akinitazama.

Sasa nikueleze habari ya Kobe. Ulimwona kwenye picha tu, na picha zilimpendelea. Ni ile pikapu ya zamani ya baba yako, ambayo kaka yako aliibebesha kijumba cha mbao na bati mgongoni. Ndani mna jiko la gesi la mafiga mawili, sinki dogo kama bakuli la supu, benchi linalogeuka kitanda, na kitanda kingine juu, kinachotokeza mbele juu ya kichwa cha dereva. Juu ya paa paneli ya sola. Chini ya benchi betri na tanki la maji. Majirani walipoona gari linatembea na nyumba yake mgongoni, jina likaja lenyewe.

Kila alipopata siku za mapumziko alikuwa akiondoka nalo kwenda mahali pasipo na bomba wala nguzo ya umeme. Palipokuwa na uwanja wa kambi wa kulipia, wenye soketi na mabomba, hapataki. Alisema kama ni soketi, zipo nyumbani na tena anazifunga yeye. Alitaka kukaa kwa kile alichobeba na kile ambacho jua lingempa siku hiyo. Mara moja moja alikwenda na baba yako. Mama yako alimbembeleza mpaka akachoka. "Mimi nina nyumba ya vyumba vitatu," alikuwa akijibu, "nikalale mgongoni mwa gari kama gunia?" Naye anacheka, anasema, "Siku moja, mama. Siku moja utakuja." Sote tulikuwa tunaamini kwamba siku moja ziko nyingi.

Baada ya mazishi Kobe alisimama uani akishika vumbi. Hakuna aliyemsogelea. Halafu asubuhi moja, mwezi uliopita, nikamkuta baba yako ana ndoo na kitambaa, anamwosha. Hakunigeukia. Akasema, "Dada, nataka nimpeleke mama watoto kule alikokuwa akienda mtoto. Kama ni kumsubiri, akamsubirie huko." Nikamwambia amerukwa na akili, wazee watatu, presha mbili na magoti yangu, porini. Kisha nikaenda kufungasha sufuria.

Nilidhani mama yako atakataa. Alivaa koti, akachukua mkoba wake, akaupakata, akaketi mbele kama anapelekwa kwa daktari. Taa ya barazani tuliiacha inawaka. Alimwita yule mwoka mikate wa jirani akamwambia kwamba balbu ikiungua, nyingine iko juu ya mita.

Mahali penyewe ni machimbo ya mawe yaliyoachwa. Unaacha lami, unafuata njia ya malori iliyoota nyasi, mpaka unafika kwenye uwanda wenye kuta za mawe pande mbili, na chini kabisa dimbwi la maji ya mvua. Hakuna kitu kingine. Nilimuuliza baba yako kama huku ndiko kulikomfanya mtoto aache kitanda chenye chandarua. Akasema, "Subiri kutulie." Kweli kulipotulia, kulitulia mpaka nikasikia sikio langu mwenyewe.

Maisha ya Kobe yana nidhamu ya jeshi, na mkuu wa jeshi akawa baba yako. Nimeosha vyombo maisha yangu yote, lakini siku ile nilifundishwa upya. Ukifungua bomba, pampu inanguruma chini ya benchi, na ikinguruma tu, baba yako anaruka: "Dada, funga! Maji hayo!" Sahani tatu zioshwe kwa kikombe kimoja, na maji ya kusuuzia leo ndiyo ya kusugulia sufuria kesho. Choo ni ndoo yenye kifuniko, nyuma ya pazia ambalo halimfichi mtu kitu chochote, hasa sauti. Mimi na mama yako tumekuwa mawifi miaka mingi, tumegombana, tumenuniana, tumezikiana wazazi, lakini hatukuwahi kujuana kiasi kile.

Kitanda cha juu nilipewa mimi. Baba yako alinisukuma kwa chini kama mtu anayepakia gunia la unga, na nilipofika dari lilikuwa puani. Yeye alilala kwenye kiti cha dereva, mguu umetoka dirishani. Mama yako kwenye benchi, yaani ndivyo tulivyompangia.

Sasa sikiliza. Jioni ya kwanza, kabla hakujawa giza kamili, mama yako alikuwa anapita mle ndani akigusa vitu. Si nafasi kubwa, hatua tatu umemaliza, lakini alichukua muda. Aligusa ndoano ya kutundikia kikombe. Aligusa pembe ya meza, ambayo kaka yako aliizungushia mpira ili mtu asijigonge. Kando ya mlango akakuta swichi ndogo. Akaibonyeza. Nje, juu ya mlango, ikawaka taa.

"Kumbe kweli ipo," akasema.

Hapo ndipo alipotueleza. Kaka yako alipoanza safari zake, mama yako alimuuliza huko porini nani atamwashia taa. Akamuahidi ataweka yake. Na kila alipokuwa kwenye machimbo yale, jioni, alipanda juu ya mawe mpaka simu ishike mtandao, akampigia. "Mama, taa nimeiwasha. Lala." Ndipo mama yako alipokuwa akilala. Sote tulikuwa tukishangaa kwamba mtoto akichelewa mjini hapa mama yako anakesha dirishani, lakini akiwa nje na Kobe analala fofofo. Kumbe alikuwa amepigiwa simu.

Akatoka, akaketi kwenye kidaraja cha kupandia mlangoni, chini ya taa ile. Ilikuwa hafifu, kama taa iliyovaa soksi. Baba yako akanitazama. Mchana kutwa kulikuwa na mawingu, paneli haikupata chochote cha maana, na yeye alijua taa ile ikikesha asubuhi itatukutaje. Nikajua anataka mimi ndiye niseme. Mimi nikatazama birika. Nani angemwambia mama aliyefiwa kwamba taa ya mwanawe inakula betri? Hatukusema, wala yeye wala mimi, na mama yako aliketi pale mpaka kulipokucha.

Asubuhi Kobe alikuwa amekufa. Samahani kwa neno hilo, lakini ndilo alilotumia baba yako. Taa hakuna, feni hakuna, na nilipofungua bomba, pampu haikunguruma. Tanki lilikuwa limejaa. Nikikaa kwenye benchi nasikia maji yakicheza chini yangu, na hakuna njia ya kuyatoa. Tulipika chai kwa maji ya dumu la akiba, na tukanawa uso kwa kulowesha kidole. Gari lenyewe lilikuwa zima, maana kaka yako alitenga betri ya gari na ya nyumba, ili nyumba isije ikamnyonya Kobe akashindwa kurudi. Tungeweza kuondoka saa ileile.

Baba yako alitoka nje akaketi juu ya jiwe, akatugeuzia mgongo. Nilidhani amekasirika. Nilipomfikia alikuwa analia. Huyu kaka yangu hakulia makaburini, Chiriku. Alisimama pale akipokea mikono ya watu, akiwauliza kama wamekula. Siku ile kwenye jiwe alilia mabega yanatikisika. "Mtoto angenicheka," alikuwa akisema. "Kanifundisha kila kitu, halafu nimeiua betri siku ya kwanza. Angenicheka mpaka aanguke." Nikaketi kando yake na magoti yangu. Nikampa leso yangu.

Mama yako, unamjua, hawezi kukaa mahali bila kufuta vumbi. Alikuwa amechukua kitambaa anampangusa Kobe kwa nje, ubavu huu, ubavu ule, akafika mlangoni. Akapanda kidaraja kuifuta ile taa. Nikamwona amesimama, mkono hewani. Halafu akaita, "Hebu njooni. Hiki nini?"

Ilikuwa karatasi ya nailoni. Ile nyembamba inayobandikwa kwenye kioo dukani kisikwaruzwe, unayoibandua ukishafika nyumbani. Ilikuwa bado imebandikwa kote kote, kingo zake zimeshika vumbi la miaka. Ndiyo maana taa ilikuwa hafifu. Wewe unamjua kaka yako, fundi umeme asiyeweza kuvumilia hata stika kwenye swichi ya mtu. Angeiwasha mara moja tu angeiona, na angeibandua.

Mama yako hakuhitaji kuelezwa. Alishuka pale taratibu akamtazama baba yako. "Hakuwahi kuiwasha," akasema. Haikuwa swali.

Baba yako angeweza kudanganya, na nilimwona akitaka. Lakini alikuwa amechoka, macho mekundu. Akasema walipokuwa wakija wawili, jua likishazama walikaa gizani. Mtoto alisema umeme wa jua ni wa kupimiwa, na taa ya nje inafukuza nyota. Alikuwa anapanda juu ya mawe, anapiga simu, anasema taa nimeiwasha, anashuka, anajinyoosha kwenye kiti cha kukunja hapo nje na mikono nyuma ya kichwa. Baba yako alimuuliza siku moja mbona anamdanganya mama yake. Akajibu, "Si ili alale, baba. Taa ni yake, si yangu. Mimi giza haliniogopeshi."

Mama yako alianza kwa kucheka. Naapa, alicheka. "Mwongo huyu! Miaka yote hiyo nimelazwa kwa uongo!" Alicheka akajishika ubavu wa Kobe, na kicheko kikawa kinageuka kidogo kidogo. Sikuwahi kumsikia akilia kwa sauti, hata siku ya mazishi. Alimlilia mwanawe kwa jina lake, alimlilia kwa jina la utoto wake, lile la kumnyonyeshea, ambalo hata wewe hulijui. Tukaketi naye chini, kwenye changarawe, mimi upande huu na baba yako upande ule. Mimi nililia mpaka nikasahau magoti.

Alipotulia aliibandua ile nailoni yote, hakuichana, akaikunja ndogo akaifunga kwenye pembe ya kitambaa chake cha kichwa. Mpaka leo iko humo.

Jua lilitoka mchana. Baba yako alizima swichi zote za taa, akapanda kufuta paneli, nikimshikia miguu na kumtukana, na kufikia alasiri kile kipimo cha betri kikaanza kupanda. Pampu ikakohoa, ikanguruma, maji yakaja. Hujaona watu wazima wakifurahia maji ya bomba namna ile. Tulinawa nyuso, kikombe kimoja kila mtu, na mama yako ndiye aliyesema, "Dada, funga."

Jioni ya pili baba yako akasema kweli, kwa upole. Kilichoingia kinatosha taa mpaka asubuhi, au kinatosha maji mpaka tuondoke. Viwili havitoshi. Kisha akatoka akajifanya anakagua matairi. Mimi nilikuwa nimeshapandishwa huko juu, naona kichwa cha mama yako tu kule chini. Alisimama mbele ya ile swichi. Nje kulikuwa kumeanza kuwa kweusi. Nilimwona ameweka kidole juu yake, na nilishika shuka langu kwa mikono miwili.

"Basi alale," akasema. "Mwanangu giza halimuogopeshi."

Akaondoa kidole, akavua viatu, akalala. Akajinyoosha, Chiriku, miguu yote miwili juu. Mama yako anakoroma, sijui kama unajua. Anakoroma vibaya sana. Nililala pale juu, dari puani, nikimsikiliza, na machozi yananiingia masikioni.

Tulirudi siku iliyofuata. Taa ya barazani ilikuwa inawaka jua likiwa juu, kama tulivyoiacha, na mwoka mikate alikuwa amekaa karibu nayo kama mlinzi wa benki. Mama yako akatuambia mimi na baba yako tutangulie ndani. Tukatangulia. Akaingia yeye wa mwisho, akafunga mlango, akaizima.

Nilikwenda jikoni nikajifanya natafuta chumvi. Nilijiambia basi, limekwisha, tumemzika mtoto mara ya pili, na safari hii hata mama yake amemzika.

Halafu kumbe halijaisha. Jioni ileile niko jikoni nakata vitunguu, naona uani kumekuwa na njano. Nikatoka na kisu mkononi. Taa ya barazani inawaka! Mama yako amesimama chini yake, kitambaa chake kichwani, kama hakijatokea kitu. Nilikasirika, sikufichi. Nilimwambia, wifi, hii ndiyo nini sasa, si tulikubaliana, si umeizima kwa mkono wako, utaanza tena kwenye kiti?

Hakunikasirikia. Alinitazama kama mimi ndiye niliye mgonjwa.

"Yule keshalala," akasema. "Huyu mwingine bado yuko nje."

Sikuwa na neno, na mimi kukosa neno unajua ni habari ya kuandikwa. Akasimama kidogo akitazama lango, akasema, "Kawia ufike," kwa sauti ileile ya mama yangu. Halafu akaingia ndani, akakirudisha kile kiti cha dirishani kwenye meza ya kulia, akaenda kitandani kwake. Hivyo ndivyo anavyofanya kila jioni tangu siku hiyo. Anaiwasha, anasema maneno yake, analala. Asubuhi baba yako anataka kuizima kwa ajili ya mita, anaogopa. Miguu ya mama yako imeanza kupungua.

Hilo ndilo jibu lako. Uliniuliza utaingiaje mlangoni ukamtazama usoni. Mama yako hajauliza kwa nini hukuja. Hajakuhesabia siku. Amekuwashia taa tu, na wewe ulivyo mzito, wewe uliyekuwa ukibaki barazani umenuna ili uwe wa mwisho, safari hii umeshinda.

Baba yako anakusalimu, anasema Kobe amejazwa maji na betri imejaa pomoni, na kwamba kitanda cha juu ni chako kwa kuwa shangazi yako hatapanda tena hata kwa winchi. Mwoka mikate anakusalimu, anauliza kama huko mkate una ladha. Paka wa mwoka mikate amezaa kwenye kikapu changu cha vitambaa, naye pia nadhani anakusalimu. Mama yako hajui kama nimekuandikia. Usimwambie nimekwambia anakoroma.

Mungu akushikie mgongo, akulainishie wakubwa wa hapo hospitalini, akufungulie njia ya kurudi kama alivyokufungulia ya kwenda.

Swichi ni ileile, nyuma ya mlango, ile uliyokuwa ukipandia kiti ili uifikie. Siku hizi unaifikia umesimama. Njoo uizime.

Akupendaye hata anapokugomba,
Shangazi yako,
Mama Sindano.